Je, wajua kwa nini tangi kubwa haliongezi presha ya maji?

Jirani yangu hapa Shangani, Mtwara, alipouza korosho alishusha simtanki lake la lita 1,000 akapandisha la lita 5,000 juu ya mnara uleule wa mita 3. Fundi alipomaliza, nyumba nzima ikaenda bafuni kushuhudia. Bomba la mvua likafunguliwa, maji yakachuruzika vilevile kama jana. "Nimeibiwa," akasema jirani. Hakuibiwa na mtu.

Presha ya maji ya tangi haitokani na wingi wake, inatokana na kimo: umbali wa wima kutoka uso wa maji ndani ya tangi hadi mdomo wa koki. Mita 10 za kimo hutoa takribani baa 1 (ya kipimo, si ile ya vinywaji). Sasa piga hesabu. Kitako cha tangi kiko mita 3, bomba la mvua liko mita 2. Maji yakikaribia kuisha, kimebaki kimo cha mita 1, yaani baa 0.1 tu. Koki ya uani, iliyo nusu mita kutoka ardhini, inabaki na mita 2 na nusu, ndiyo maana ndoo hujaa huko upesi wakati bafuni mtu bado anasubiri povu limtoke. Kwa sababu hiyohiyo, pale Lindi mjini anayekaa Mtanda, juu, na anayekaa bondeni karibu na bahari hawawezi kupata presha moja kwa bomba moja.

Dawa ni kuinua mnara, lakini kumbuka lita 5,000 ni tani 5. Usiongeze tofali kwa kukisia.

Kuna kesi nyingine: maji yalikuwa na nguvu, siku hizi yanasuasua. Hapo funga koki zote, subiri dakika chache, kisha fungua moja ukitazama sekunde ya kwanza. Yakiruka kwa nguvu halafu yakanywea, kuna kitu kimeziba njiani. Maji yaliyotulia hufikisha presha yake kamili kwenye koki hata kupitia tundu dogo. Yakianza kutembea ndipo tundu linapoyabana. Yakitoka kinyonge tangu mwanzo, tatizo ni kimo, au presha ya mtaa ikiwa unatumia bomba la moja kwa moja, au mdomo wa koki yenyewe umeziba.

Ukishuku kuziba, anza na kilicho rahisi. Fungua kichujio kidogo cha mdomo wa koki, kigonge kiganjani. Mimi cha jikoni kwangu kilitoa mchanga, vipande vya kutu na uzi wa ile tepu nyeupe ya mafundi. Halafu angalia valvu karibu na mita: mara nyingi aliyekuja kutengeneza aliifungua nusu akaondoka. Mabomba ya chuma ya zamani ni habari nyingine. Kutu hujijenga kwa ndani hadi bomba la nusu inchi linabaki na tundu la kupitisha penseli, na hapo ni kubadilisha tu.

Jirani yangu ameamua kuweka pampu ndogo, baada ya tangi. Alitaka kuifunga kwenye bomba la mtaa, nikamzuia: pampu ikivuta huko huwanyang'anya wengine maji, na bomba likiwa na ufa huvuta na tope. Lile tangi la lita 1,000 liko chini ya paa, mkewe anakingia mvua.