Umeme Umepanda: Malalamiko Yetu Tuyapeleke Wapi?

Wakazi wa Sombetini, Unga Limited na Ngarenaro hapa Arusha wanaolalamika kwamba umeme umepanda wana haki, ila mara nyingi lawama hupelekwa kusikohusika. Bei ya msingi kwa nyumba za kawaida, kundi la T1, ni shilingi 292 kwa uniti, na ilipangwa Aprili 2016. Mwisho wa mwaka huo EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, iliidhinisha ongezeko la asilimia 8.5, Serikali ikalizuia kabla halijaanza kutumika.

Basi hela inaishia wapi? Tazama risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Juu ya 292 kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, uniti inafika shilingi 356. Elfu kumi inakupa uniti 28. Ukinunua mara ya kwanza ndani ya mwezi, kodi ya jengo inakatwa kwanza, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, unapata uniti zisizofika 24. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji aliyeilipa akubaliane naye ipunguzwe kwenye pango.

Kinachoumiza zaidi ni kundi la D1, la watumiaji wadogo. Mteja asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 tu kwa uniti, 122 pamoja na makato. Lakini wapangaji wanne wanaochangia mita moja watabakije humo? Friji moja, pasi za asubuhi, hita ya kuchemshia maji kwenye baridi ya Julai, uniti 75 zimekwisha. Nyumba ikihamishiwa T1, kila uniti inakuwa karibu mara tatu, ingawa kila familia kivyake ina matumizi madogo. Kwangu hii ndiyo dhuluma inayostahili kupigiwa kelele kwanza.

Suala la kundi na la kila familia kufungiwa mita yake ni la ofisi ya TANESCO. VAT na kodi ya jengo ni mambo ya Bunge, hivyo mbanane na mbunge wenu kabla ya bajeti ya Juni. Bei ya uniti ni ya EWURA: yakija maombi ya kuipandisha, huitishwa mkutano wa taftishi, yaani wa kusikiliza wadau, na mwananchi yeyote anaweza kutoa maoni, hata kwa maandishi. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, lipo kuwasemea.

Huko msiende na hasira peke yake. Mwenyekiti wa mtaa akusanye risiti za miezi sita kutoka kaya kadhaa, kila moja ikiandikwa idadi ya familia zinazotumia mita hiyo.