Je, wajua? Uwanja wa Katiba wa Mexico City haukupewa jina la katiba ya Mexico

Picha za Zócalo, uwanja mkuu wa Mexico City, zimejaa mitandaoni: kanisa kuu upande wa kaskazini, Ikulu ya Taifa upande wa mashariki, na katikati bendera kubwa kwenye mlingoti wa mita 50. Chini ya picha hizo wasafiri wengi huandika kwamba jina rasmi la mahali hapo, Plaza de la Constitución, yaani Uwanja wa Katiba, limetokana na katiba ya Mexico ya mwaka 1917. Wengine hutaja ile ya 1857. Ni kosa linaloeleweka: nchi ina katiba yake, mji mkuu una Uwanja wa Katiba, basi mtu anaunganisha. Ila jina hilo lilikuwapo kabla Mexico haijapata uhuru. Katiba inayotajwa ni ya Hispania, iliyotangazwa mjini Cádiz tarehe 19 Machi 1812.

Wakati huo majeshi ya Napoleon yalikuwa yameishika sehemu kubwa ya Hispania, mfalme Fernando wa Saba alikuwa kizuizini Ufaransa, na wabunge walikuwa wamekimbilia Cádiz, mji wa bandari uliozingirwa na adui. Kati yao walikuwamo wawakilishi kutoka makoloni ya Amerika. Katiba waliyoipitisha ilimpunguzia mfalme mamlaka, na ili watu waione kwa macho, tarehe 14 Agosti 1812 ilitoka amri: kila mji utakaotangaziwa katiba hii, uwanja wake mkuu uitwe Plaza de la Constitución na uwekewe bamba la jiwe lenye jina hilo. Ndiyo sababu jina moja linakutwa Hispania yenyewe, Mexico, na hata Florida. Mexico City ilikula kiapo cha katiba hiyo Septemba 1812.

Sasa hesabu miaka. Mexico ilipata uhuru 1821, na katiba yake ya kwanza kama jamhuri ni ya 1824. Jina la uwanja limeitangulia katiba hiyo kwa takriban miaka 12, na ile ya 1917 kwa zaidi ya karne nzima. Fernando aliporudi kwenye kiti chake aliifuta katiba ya Cádiz, Mei 1814, na ikarudishwa 1820 baada ya askari kuasi. Vizazi vya baadaye vilirithi jina na kulisoma kwa katiba zao wenyewe. Kwa haki ni lazima kusema kwamba Mmexico wa leo akilitamka anaweza kabisa kuwa anaiwazia katiba ya 1917, wala hakosei kuionea fahari. Maana ya jina hukua. Asili yake ndiyo isiyohama.

Anayetaka kupiga picha ya ushahidi aende St. Augustine, Florida, ambako uwanja wa mji nao unaitwa Plaza de la Constitución. Humo umesimama mnara mweupe wenye ncha, uliojengwa 1813 wakati Florida ingali ya Hispania. Mfalme alipoifuta katiba aliamuru minara yote ya namna hiyo ibomolewe. Watu wa St. Augustine walibandua mabamba, wakauacha mnara, na baada ya miaka michache mabamba yakarudishwa. Ni kitu cha ajabu kabisa: kumbukumbu ya katiba ya kifalme ya Hispania, katikati ya mji wa Marekani. Upige picha mnara huo asubuhi na mapema au jioni, jua likipita ubavuni mwa bamba, maana mchana herufi zilizochongwa hukosa kivuli na hazisomeki. Na kwa kuwa kamera hukifanya kitu cheupe kionekane cha kijivu, ongeza mwanga kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga maradufu).

Swali la kujiuliza popote pale ni “katiba ipi?” Warsaw, Poland, wageni huhusisha Plac Konstytucji na katiba maarufu ya tarehe 3 Mei 1791. Uwanja huo wenye nguzo kubwa za taa za mawe ulifunguliwa tarehe 22 Julai 1952, siku ileile ilipopitishwa katiba ya serikali ya kikomunisti, na jina ni la katiba hiyo. London nayo ina barabara ya Constitution Hill kando ya Buckingham Palace, lakini maelezo yanayorudiwa zaidi ni kwamba neno hilo hapo lina maana yake ya zamani ya Kiingereza, siha ya mwili, kwa sababu Mfalme Charles wa Pili alipenda kutembea huko kwa ajili ya afya. Constitution Hill ya Johannesburg, kwenye magereza ya zamani ambako sasa iko Mahakama ya Katiba, ndiyo isiyo na mtego: ni katiba ya Afrika Kusini iliyozaliwa baada ya ubaguzi wa rangi.

Na Zócalo? Neno hilo maana yake ni kitako cha nguzo au sanamu. Mwaka 1843 Rais Santa Anna aliagiza mnara wa uhuru ujengwe katikati ya uwanja. Kikajengwa kitako tu, mnara haukuja, na wenyeji wakauita uwanja wote kwa jina la kile kitako. Mwaka 2017 wanaakiolojia walikuta mabaki yake chini ya sakafu. Kutoka hapo neno limesambaa, na leo miji mingine ya Mexico huuita uwanja wake mkuu zócalo.

Kosa la pili limo ndani ya picha zenyewe: kanisa kuu huonekana kama linaanguka chali, minara yake miwili ikisogeleana kileleni. Watu huilaumu lenzi pana. Lenzi haina hatia. Kinachofanya hivyo ni kuinamisha kamera nyuma ili minara iingie.

Chukua tochi usiku, ielekeze ukutani sawasawa: mwanga unachora duara. Sasa inua tochi kidogo ilenge juu ya ukuta. Duara linakuwa yai, na sehemu yake ya juu imetanuka, kwa sababu mwanga wa juu umesafiri mbali zaidi kabla ya kugusa ukuta. Kamera ni tochi iliyogeuzwa: badala ya kumwaga mwanga, inauzoa. Ukiiinua, ukingo wa juu wa fremu unazoa ukuta mpana kuliko ukingo wa chini. Lakini picha ina upana mmoja tu, juu na chini. Basi ule ukuta mpana wa juu unabanwa uenee, kama abiria watano kwenye kiti cha daladala cha watatu, na kila kitu kilichoko huko kinakuwa chembamba. Ni kanuni ileile ya barabara iliyonyooka, ambayo kingo zake hukaribiana kadiri inavyokwenda mbali. Hapa barabara ni ukuta, na mbali ni juu.

Dawa ni uso wa kamera uwe sambamba na ukuta, wima kama timazi ya fundi mwashi. Kamera ikiwa wima, upeo wa macho hukaa katikati ya fremu, na juu yake unapata nusu tu ya kimo cha picha. Minara ya kanisa hili inakaribia mita 67. Kwa simu yenye lenzi kuu sawa na milimita 24 na picha ya uwiano wa 4 kwa 3, ukiishika wima unahitaji takriban mita 90 kutoka ukutani ili vilele viguse ukingo wa juu. Ukiilaza, takriban mita 120. Ongeza mita 15 au 20 ili kibaki kipande cha anga. Ukisimama karibu na mlingoti wa bendera, umbali huo umeshaupata. Washa gridi na pima maji ya skrini, linganisha, ndipo ubonyeze. Nusu ya chini itakuwa sakafu: weka watu, au uikate baadaye. Mapaa ya mikahawa na hoteli upande wa magharibi husaidia, kwani kila mita unayopanda hukupunguzia zaidi ya mita moja ya kurudi nyuma.

Ukishindwa kurudi nyuma, programu ya kuhariri huweza kuinyoosha picha kwa kuitanua sehemu ya juu. Ila kutanua hukata pembeni, kwa hiyo acha nafasi pande zote mbili tangu mwanzo, na usiiinamishe kamera kupita digrii 10 hivi. Zaidi ya hapo sehemu ya juu hupoteza ukali na minara huvimba.

Hapa kuna jambo ambalo programu haiwezi kulijua. Kanisa lenyewe limepinda kweli. Lilianza kujengwa 1573 na kukamilika 1813, juu ya udongo laini wa lililokuwa Ziwa Texcoco, na chini yake kuna mabaki ya majengo ya Waazteki. Mji ulipovuta maji ya ardhini udongo ulinywea, ila penye mabaki hayo ulinywea kidogo, na kanisa likazama upande mmoja kuliko mwingine, kwa tofauti ya zaidi ya mita mbili. Miaka ya 1990 wahandisi walichota udongo chini ya sehemu zilizobaki juu ili nazo zishuke polepole. Kwa hiyo usibonyeze kitufe cha kunyoosha chenyewe: programu itaulazimisha mnara uliopinda kuwa wima, na picha nzima itaegemea upande wa pili. Amini pima maji.

Kwa mwanga, kanisa linatazama kusini. Desemba jua la adhuhuri hufika kama digrii 47 tu kutoka upeo wa kusini na kuzichonga nguzo vizuri. Juni hupita utosini na kuegemea kaskazini kidogo, kama Nairobi mwezi huohuo, ingawa Nairobi huegemea zaidi, na uso wote wa kanisa unabaki kivulini saa sita mchana. Ikulu ya Taifa inatazama magharibi, basi ingoje alasiri.

Kisha ingia ndani, uende chini ya kuba. Hapo inaning'inia timazi ndefu, na sakafuni kumechorwa njia ambayo ncha yake imekuwa ikihamia jengo likisogea. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kwenye 1600, kasi ya kupiga 1/60 ya sekunde, usitumie flashi. Piga magoti, lenga ncha, na umpate mtu mmoja anayeitazama.