Yasemwayo na yaliyo kuhusu maji ya kisima shambani

"Maji ya kisima ni ya bure." Hili ndilo ninalolisikia zaidi kwa wanaolima mchicha na biringani Kisauni na Likoni, hapa Mombasa. Maji yenyewe hayana bei, ila kuyapandisha kuna bei. Kutoa lita 10,000 kwenye kina cha mita 20, kwa pampu inayopoteza nusu ya nguvu zake, hula kama yuniti moja ya umeme. Maji yakishuka hadi mita 40, ni yuniti mbili, na bamia sokoni Kongowea haitapanda bei kwa sababu kisima chako kimeshuka. Tena jirani akivuta sana, maji hushuka kwako pia, na gharama hiyo haimo kwenye bili yake. Ndiyo maana kila mtu huvuta kupita kiasi bila kujiona mkosaji.

"Yakipungua, ongeza futi." Bara huenda ikafaa. Mombasa tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya bahari. Kwa kanuni ya kawaida, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Ukishusha nusu mita juu, chumvi yaweza kupanda mita 20. Penye nyufa haingoji hata hesabu hiyo. Kwa hiyo anayechimba zaidi anaifuata chumvi kwake.

Dalili hazijifichi: utando mweupe mdomoni mwa mpira, kingo za majani ya maharage zimeungua kama zimepitishwa motoni. Maharage na vitunguu hushindwa mapema, kunde hustahimili zaidi, na mnazi haujali sana. Kuiosha chumvi udongoni kunataka maji mengi zaidi, tena matamu, yale yale uliyokosa. Na kisima kilichoingiwa na chumvi chaweza kuchukua miaka kurudi, hata pampu ikizimwa.

"Solar imemaliza shida." Imemaliza bili. Paneli ukishazilipia, kila lita ya ziada haikugharimu kitu, basi nani atazima pampu saa saba mchana? Mimi sizipingi, nazitaka na mita ya kupimia maji.

"Mipira ya matone huokoa maji." Huokoa kwa kila mche, si lazima kwa kisima. Kansas, Marekani, utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa wakulima waliohamia vinyunyizio vyenye ufanisi zaidi, tena kwa ruzuku ya serikali, walivuta maji mengi kuliko awali, kwa kuwa walipanda mazao yenye kiu na kumwagilia eneo kubwa zaidi. Halafu sehemu ya maji yaliyodhaniwa kupotea shambani ilikuwa ikirudi ardhini.

"Masika hujaza kila kitu." Hujaza panaponywea. Penye saruji na kabro, mvua huishia mtaroni, kisha baharini.

Mimi swali langu si kama maji yapo, bali ndoo ya mwisho inaniletea nini. Kaskazi ikivuma, Februari, tuta la mwisho la mchicha hunywa kuliko yote na hunipa mafungu machache yaliyonyauka. Tuta hilo nimelipanda kunde.