Mafuriko ya Rufiji huanzia Njombe

Muhoro au Ikwiriri, karibu na mwisho wa Mto Rufiji, mafuriko yanaweza kuingia siku ambayo halijaanguka hata tone. Jua linawaka, nguo zimekauka kambani, kumbe maji yanapanda taratibu: yameshika shamba, yameshika njia, jioni yako uani. Watu wanauliza, maji haya yanatoka wapi na mvua hainyeshi? Sisi tunaopima mito tunalipenda sana swali hili, kwa sababu anayelijua jibu lake amekwisha kuuelewa mto wote.

Bonde la Rufiji lina takriban kilomita za mraba 180,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Maji yake huletwa na mito mikubwa mitatu. Kilombero na Luwegu hukutana kwenye maporomoko ya Shughuli, na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanza. Ruaha Mkuu huingia mbele kidogo. Ukiitazama ramani utadhani Ruaha Mkuu ndiye mwenye mto, maana peke yake unachukua karibu nusu ya eneo la bonde, kuanzia Usangu hadi Mtera na Kidatu. Lakini vipimo vya miaka mingi vinasema vingine: Ruaha Mkuu huleta takriban asilimia 15 tu ya maji. Luwegu huleta kama asilimia 18. Kilombero, wenye eneo lisilofika nusu ya lile la Ruaha, huleta asilimia 62.

Siri iko milimani. Ruhudji, Mnyera, Mpanga, Kihansi na mito mingine mingi hushuka kutoka nyanda za Njombe na Mufindi na safu ya Udzungwa, ambako mvua ni moja tu kwa mwaka, ndefu na nzito, inayoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Maji hayo hayaji Rufiji moja kwa moja. Hutua kwanza katika uwanda wa Kilombero, tambarare yenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, yakatandaa kwenye nyasi na matete, kisha yakatoka pole pole. Uwanda ule unapunguza kishindo cha mafuriko na kuyachelewesha. Ndiyo maana mvua iliyonyesha Njombe siku nyingi nyuma inaweza kumfikia mkulima wa Utete anga likiwa jeupe. Na ndiyo maana Aprili inaogopwa: maji ya milimani yanawasili wakati masika ya pwani nayo yamepamba moto. Kwenye delta kuna jambo la tatu. Mafuriko yakikutana na bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari hujaa kupita kawaida, bahari inayasukuma nyuma, na mto unakosa pa kwenda.

Historia inatufundisha kutotegemea dalili moja. Mafuriko ya 1997/98 yalikuja na El Niño. Yale ya 2020 yalifuata msimu ambao Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto lisilo la kawaida mwishoni mwa 2019. Ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, yalikuja tena na El Niño. Lakini ya 1974, ambayo wazee wengi wa Rufiji huhesabia miaka kwayo, hayakuwa ya El Niño. Nyanda za juu kusini zinaweza kupata mvua kubwa hata mwaka ambao redio haijalitamka neno hilo. Kwa hiyo mtu asilale kwa sababu tu ameambiwa mwaka huu hakuna El Niño.

Sasa niseme jambo ambalo taarifa za maafa mara nyingi huliruka. Warufiji hawakukaa kando ya mto ule kwa kukosa akili. Walikaa kwa sababu mafuriko ndiyo mbolea yao. Mpunga hupandwa mapema na kukua pamoja na maji yanapopanda. Maji yakishuka, kuanzia Mei au Juni, huacha tope jipya lenye unyevu, na hapo hupandwa mlau: mahindi, kunde, maboga, mazao yanayokomaa kiangazi bila mvua hata moja. Maziwa madogo ya uwandani, kama Utunge, Ruwe na Zumbi, hupata maji na samaki wapya mto unapofurika. Wakulima walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakalala humo wakilinda mazao. Mwaka usio na mafuriko ulikuwa mwaka wa njaa, sawa na mwaka wa mafuriko yaliyopita kiasi.

Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha maelfu ya watu kutoka uwandani kwenda vijiji vya nchi kavu, katika operesheni iliyokuwa miongoni mwa za kwanza za kuanzisha vijiji nchini. Nyumba zikawa salama zaidi, lakini mashamba yalibaki kule kule kwenye tope. Watu waliendelea kuvuka kwenda kulima, na wengine wakarudi kuishi madunguni msimu mzima. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa la tukio lile: huwezi kumtenga mtu na hatari bila kuuliza anakula nini huko kwenye hatari.

Leo kuna Bwawa la Julius Nyerere, lenye ukuta wa mita 131. Lilianza kujazwa Desemba 2022, na ujazo wake, zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, unakaribia maji yote ya mto kwa mwaka wa kawaida. Wengi walidhani mafuriko yamekwisha. Hayajakwisha, na ni wajibu wetu kusema hivyo waziwazi. Bwawa lenye nafasi huyameza mafuriko. Bwawa lililojaa haliwezi. Linaloingia lazima litoke, la sivyo ukuta wenyewe utakuwa hatarini. Mwaka 2024 mvua kubwa zilikuta sehemu kubwa ya nafasi ile imekwisha kujaa, na milango ya kutolea maji ikafunguliwa. Na bwawa halizuii mvua inayonyesha chini yake, kati ya ukuta na bahari.

Kitakachobadilika ni kawaida ya mto. Mafuriko madogo na ya wastani, yaliyokuwa yakileta mlau, yatapungua. Tope litabaki bwawani, na maji yaliyoacha mchanga wake nyuma yatazidi kula kingo. Makubwa mno yataendelea kuja, ila kwa nadra. Hapa ndipo hofu yangu ilipo. Ikipita miaka kumi bila maji kupanda, kijana ataona ardhi tupu iliyo tambarare, karibu na barabara, na atajenga kwa tofali.

Mkisikia mtaalamu akitaja "mafuriko ya miaka mia", msidhani yakishakuja yamekwenda zake kwa karne nzima. Maana yake ni kwamba kila mwaka yana nafasi moja katika mia ya kutokea, hata kama yalitokea mwaka jana. Nyumba itakayodumu miaka 30 katika eneo hilo ina nafasi ya zaidi ya robo ya kukutana nayo. Hakuna mzazi ambaye angempandisha mwanawe chombo chenye nafasi hiyo ya kuzama.

Vipimo vyetu vina pengo moja linalotuumiza. Kibao cha kupimia kina cha maji husomwa asubuhi na jioni, lakini mafuriko makubwa kabisa mara nyingi hukizamisha au kukibeba. Kilele, kile hasa tunachokihitaji, ndicho kinachokosekana. Anayekijua ni mwenye nyumba, aliyeona maji yalikomea dirisha gani.

Kwa hiyo tunawaomba wenyeviti wa vijiji na walimu wakuu, Muhoro, Utete, Ikwiriri na kwingine kote maji yalikofika: kabla ukuta haujapakwa chokaa upya, tafuteni mstari wa tope wa 2024, pigeni msumari, andikeni tarehe kwa rangi isiyofutika. Kisha mwiteni mzee anayekumbuka 1974, aoneshe kwa mkono maji yale yalifika wapi, na hapo pia pigeni msumari.