Mabomba ya Pompidou si mapambo jamani

Natembeza wageni Paris, na tukifika tu Centre Pompidou, lile jumba la sanaa lenye mabomba ya rangi nje, lazima mmoja aulize "hili jengo bado halijaisha?" na mwingine adakie eti mabomba wameyapaka rangi kuvutia watalii. Hii ndo inayonichosha kuliko zote.

Yale mabomba yanafanya kazi! Ya bluu ni ya hewa, kijani maji, njano umeme, na nyekundu ni pale watu wanapopita, yaani lifti na ngazi za umeme. Wasanifu majengo Renzo Piano, Richard Rogers na mwenzao Gianfranco Franchini walishinda shindano la 1971 la kulibuni jengo hili, lililoleta michoro 681, na wazo lao lilikuwa kila kinachobana nafasi ndani kitolewe nje, mabomba, ngazi, hata nguzo, ndo maana kumbi za ndani hazina nguzo katikati, ukuta unauweka unapotaka na maonyesho yakiisha unauondoa. Sasa mtu anapiga selfi upande wa uwanja wa mbele halafu huyo, kaondoka. Zungukeni Rue du Renard kwanza, huko nyuma ndo mabomba yamejaa, simama ng'ambo ya barabara uchague moja la bluu ulifuate kwa macho toka chini mpaka juu, hapo hutauliza tena kama ni mapambo.

"Uwanja ni nafasi iliyobaki tu." Wapi! Palikuwa paking ya magari, wakaacha karibu nusu ya kiwanja wazi kwa makusudi, tena wakakiinamisha kielekee mlangoni, kwa hiyo miaka yote hii watu wamekaa chini kama wako jukwaani wakiangalia wapiga muziki na wachoraji wa mtaani.

Chemchemi ya Stravinsky hapo pembeni ya jengo nayo wanasema ya watoto. Ni ya 1983, sanamu 16, vyuma vyeusi ni vya msanii Jean Tinguely na vile vya rangi kali ni vya msanii mwenzake Niki de Saint Phalle, zote zinatokana na muziki wa mtunzi Igor Stravinsky. Maji hayana kina kwa sababu chini yake kuna ofisi za IRCAM, taasisi ya utafiti wa muziki, uzito ungezidi.

Halafu "si pamefungwa?" Ndani ya jengo ndiyo, tangu 2025, wanakarabati na kuondoa asbesto, mpango ni kufungua 2030. Nje huhitaji tiketi. Shuka metro Rambuteau, anza Rue du Renard, malizia kwenye chemchemi pembeni ya kanisa la Saint-Merri, na usiende na haraka.