Damu isiyoonekana: mambo ya kujua kwa wahudumu wa magari ya wagonjwa

Abiria wa bodaboda amerushwa na gari. Amelala pembeni mwa barabara, nguo safi, anajibu akiulizwa jina, na waliomzunguka wanasema ana bahati. Mhudumu wa gari la wagonjwa asikubali haraka hivyo. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya takribani lita 5, na mwilini mna sehemu nne zinazoweza kupokea damu ya kutosha kumuua bila tone kufika nje: kifua, tumbo, nyonga na paja.

Kifua na tumbo hutenganishwa na kiwambo, msuli unaopanda na kushuka tunapopumua. Tukitoa pumzi yote, kiwambo hupanda hadi karibu na usawa wa chuchu. Kwa hiyo jeraha la kisu chini ya chuchu lihesabiwe kuwa la kifua na la tumbo pia. Chini ya mbavu za kushoto kuna wengu, kulia kuna ini. Vyote vimejaa damu na hupasuka usukani wa pikipiki ukimpiga mtu tumboni. Akilalamika maumivu ya bega la kushoto ambalo halikuguswa, fikiria wengu: damu inachokoza kiwambo, na maumivu yanasikika begani.

Nyonga ndiyo inayosahaulika zaidi. Mifupa yake imeungana kama pete, na nyuma yake umetanda mtandao wa vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Pete ikifunguka, nafasi ya damu huongezeka. Usiibonyeze kujaribu kama inacheza, maana utavunja damu iliyokwisha kuganda. Ifunge. Kama hamna mkanda maalumu, khanga au shuka iliyokunjwa inatosha, ila ipite mahali sahihi. Wengi hufunga kiunoni, juu mno. Tafuta mifupa inayotokeza ubavuni mwa mapaja, takribani usawa wa kifundo cha mkono mikono ikinyooshwa, ukaze hapo. Kisha funga magoti pamoja, na miguu pia.

Mfupa wa paja ukivunjika, lita 1 hadi 1.5 huweza kujikusanya ndani ya misuli. Mapaja yote mawili yakivunjika, fanya hesabu mwenyewe.

Kinachotuponza ni kusubiri presha ishuke. Mishipa ya kijana mwenye afya hujibana na moyo hukimbia, kiasi kwamba presha huweza kubaki ya kawaida hadi amepoteza karibu theluthi ya damu yake. Watoto huficha zaidi, kisha huanguka ghafla. Basi angalia yanayotangulia: mapigo kupita 100 kwa dakika, pumzi za haraka, ngozi baridi yenye jasho. Kwa ngozi nyeusi, weupe utafute ndani ya kope, midomoni na viganjani. Bonyeza kucha uachie. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, ni dalili mbaya. Majeruhi anayehangaika na kusukuma watu mara nyingi huitwa mlevi, kumbe ubongo wake unakosa damu na oksijeni.

Mjamzito aliyevuka wiki 20 asilazwe chali, kwa sababu mfuko wa uzazi hukandamiza vena kubwa inayorudisha damu moyoni. Muinamishe upande wa kushoto pamoja na ubao aliolazwa, shingo isipinde.

Damu iliyojificha haizuiliki barabarani. Inamhitaji daktari wa upasuaji. Fungua njia ya hewa kwa kusukuma taya mbele, mpe oksijeni, kandamiza majeraha yanayovuja, mfunike hata kama Dar es Salaam inaunguza, kwani mwili uliopoa haugandishi damu vizuri. Kumwaga dripu nyingi za maji humpoza mwili na kuzimua damu iliyobaki. Piga simu hospitali mkiwa njiani, na useme ajali ilitokea saa ngapi: dawa ya traneksamiki asidi, inayopunguza kuvuja damu, husaidia ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia, na wanaompokea hawana namna nyingine ya kuujua muda huo.