Radi Haimalizi Ugomvi wa Mezani

Jumamosi iliyopita kijana mmoja anayesimamia meza yake mwenyewe ya mchezo wa kuigiza, ambamo msimamizi husimulia hadithi na kila mchezaji huongoza mhusika wake, katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, alinijia na shauri ambalo mwaka huu nimekwisha kuletewa mara nne. Mchezaji wake mmoja hupinga kila uamuzi wake, naye, baada ya kuvumilia majuma matatu, alimpiga mhusika wa mchezaji huyo kwa radi katikati ya jangwa, mchana, bila hata wingu; sasa alitaka kujua kwa nini ubishi umezidi badala ya kuisha. Nilimuuliza ni kanuni gani iliyomruhusu. Alijibu kwa utulivu wa mtu anayesoma Katiba: "Yaya," kama tunavyowaita hapa waliotuzidi umri, "si msimamizi ndiye mwenye neno la mwisho?"

Ndiye. Lakini ni neno la mwisho juu ya jambo gani? Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wa namna hii uitwao Dungeons & Dragons mwaka 1974, walikuwa wametoka katika michezo ya vita ya mezani, na nyuma ya michezo hiyo kulikuwa na Kriegsspiel, mchezo wa vita wa maofisa wa Prussia, iliyotolewa na von Reisswitz mwaka 1824, ambamo mwamuzi alipokea amri za pande mbili na kutamka nani amepoteza kikosi. Mwaka 1876 Verdy du Vernois, ofisa mwingine wa Prussia, alitaka majedwali ya mchezo huo yapunguzwe na uzoefu wa mwamuzi uaminiwe zaidi. Mamlaka yetu ya mezani yanatoka huko, ila watu husahau kwamba mwamuzi yule hakuwa na jeshi lake. Msimamizi wetu analo. Joka ni lake, walinzi ni wake, mfalme mwongo ni wake, na hali ya hewa pia ni yake. Anapogombana na mchezaji, yeye ni hakimu na mdai katika kesi moja. Wachezaji wangu huniita "Metre", kama tunavyowaita mawakili, na sijapata kujua kama wananiheshimu au wananiarifu kwamba kesi imefunguliwa.

Ugomvi wa kanuni sitauchelewesha, kwa kuwa huo kweli humalizwa na neno la mwisho. Toa uamuzi ndani ya dakika moja, uandike daftarini, mfungue kitabu baada ya kikao, na ukikosea ukiri na urekebishe kuanzia kikao kijacho. Taja namba inayotakiwa kabla dadu haijarushwa, kamwe si baada yake. Wala usimdharau anayebisha: anayehitaji 15 au zaidi kwenye dadu ya nyuso 20 ana nafasi ya asilimia 30, na akiruhusiwa kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, kama toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, linavyoruhusu hali ikimpendelea, nafasi hiyo inapanda hadi 51. Anayegombea dadu ya pili habishanii upepo.

Kinachonichosha ni ugomvi wa watu unaovishwa nguo za hadithi, na nauzungumzia nikiwa mkosaji wa zamani. Miaka mitatu iliyopita, nikisimamia meza nyumbani kwangu Kamalondo, mchezaji mmoja aliyecheza mwizi alimwibia mwenzake upanga usiku, akiwa zamu ya ulinzi. Mwenye upanga alinuna. Nilipomtazama yule kijana, alisema sentensi ambayo kila msimamizi anaijua: "Ndivyo mhusika wangu alivyo." Sikumjibu, nilituma walinzi wa mji. Aliwatoroka. Nilituma mbwa, akawatilia sumu. Kufikia kikao cha tatu nilikuwa nimeajiri wawindaji wawili na mchawi mmoja, huku wachezaji wengine wanne wakitafuna karanga na kutazama simu zao, na kila nilipoulizwa mji huo ulipata wapi fedha za kumsaka mwizi wa upanga mmoja, nilijibu kwamba ndivyo mji huo ulivyo. Ilikuwa sentensi yake ileile kinywani mwangu, nami sikuisikia.

Jioni hiyo umeme ulikatika katikati ya pambano. Wengine waliondoka, yeye alibaki kunisaidia kupanga viti kwa mwanga wa simu, na hapo ndipo nilipomuuliza, bila dadu mkononi, ni nini kilichomkera. Alisema taratibu: "Yaya, tangu mvua zianze mwizi wangu hajafungua hata mlango mmoja." Nilifungua daftari. Vikao vitano mfululizo nilikuwa nimepanga vita uwanjani, sikuweka kufuli hata moja, wala sanduku, wala ukuta wa kuparamia, na mtu huyu alikuwa akitoka Ruashi kila juma kuja kutazama wenzake wakipigana. Aliiba upanga kwa sababu ndicho kitu pekee kilichoweza kuibiwa. Mbwa wangu wote wasingeweza kuniletea habari hiyo.

Adhabu ya ndani ya hadithi haiwezi kufaa, hata ikitolewa kwa haki, kwa sababu anayeipokea anaona tukio tu na hujibu kwa tukio jingine. Ujumbe wako haumfikii, naye hana nafasi ya kukuletea wake. Waliobaki mezani huumia zaidi. Wakishaona radi moja iliyotumwa kwa hasira, kila hatari inayofuata wataichunguza kwanza: je, hili ni joka au ni Metre amenuna?

Kuzungumza nako kuna matatizo yake katika mji wetu, na hapa sina uhakika kama napaswa kumshauri mtu. Wengi wa wachezaji wangu ni wadogo kwangu kwa miaka kumi. Nikimwita mmoja pembeni, husema "Ndiyo, Yaya," kisha haonekani tena. Kwa hiyo siku hizi humwomba mchezaji mkubwa kuliko sisi sote, mama mmoja mwalimu, akae nasi kama inavyofanywa katika ugomvi wa nyumbani; mara nyingi inasaidia, ingawa mara mbili jambo dogo liligeuka baraza kwa sababu tu alikuwepo. Nilijaribu pia kadi ya X aliyoianzisha John Stavropoulos, ambayo mchezaji huigusa ili jambo linalomuumiza liondolewe bila maswali. Imelala mezani kwangu miezi minane na hakuna aliyeigusa. Labda mambo ni shwari. Labda wanaona aibu.

Kijana wa Kenya nilimwambia amtafute mchezaji wake kabla ya Jumamosi, amuulize, kisha anyamaze hadi ajibiwe. Aliuliza amfufue vipi mhusika: kwa mganga, au kwa kusema kwamba yote yalikuwa ndoto? Nilimkataza vyote viwili, maana mganga angekuwa mlinzi mwingine wa kujificha nyuma yake. Afungue kikao kwa kuwaambia wote mezani kwamba alikasirika, kwamba radi ile haikupiga, na kwamba mhusika yuko pale jangwani alipokuwa, na maji yake ya siku mbili.